Shamba Lililolala Lina Mwenyewe

Shamba la mama yangu lilikuwa limelala msimu wa pili lilipopata mwenyewe mwingine. Alikuwa ameng'oa maharage, akauacha udongo upumzike na magugu yarudi, kama mama yake alivyomfundisha kwenye mlima huohuo wa Kabare. Siku moja wakaja vijana wenye kamba na vigingi. Waliuliza shamba ni la nani, na kabla hajamaliza kujibu walikuwa wameshapima. Miezi kadhaa baadaye tukaambiwa kwamba eneo lile lote, pamoja na bonde la chini ambako majirani walipanda viazi vitamu wakati wa kiangazi, limekuwa konsesio, yaani ardhi iliyokodishwa na dola, ya mtu mwenye uwezo aishiye mjini. Tangazo lilitolewa, tukaambiwa. Lilitolewa wapi? Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Kwa lugha gani? Kifaransa. Mama yangu alisema Mashi na Kiswahili, na mlango ule hakuwahi kuufikia maishani mwake.

Hakufukuzwa. Hapo ndipo watu wa mjini hushindwa kunielewa ninapowasimulia. Aliruhusiwa kuendelea kulima kipande kidogo, kwa sharti kwamba siku mbili za kila juma akalime upande wa bwana mpya bila malipo. Alilima hivyo mpaka mgongo ukakataa. Shamba ambalo baba yake mkwe alilitolea ng'ombe mbele ya mashahidi likawa shamba analopewa kwa huruma, na huruma hiyo akailipia kwa jembe lake mwenyewe.

Mimi naishi Ibanda, mjini Bukavu. Hapa ndipo yalipo makao ya jimbo letu la Kivu ya Kusini, na hapa ndipo mambo mengi ya milimani huamuliwa. Nimeandika makala hii kwa sababu ya neno moja ambalo limetugharimu kwa miaka 140: ardhi wazi. Ardhi tupu, ardhi isiyo na mtu. Serikali yoyote ina haki ya kukodisha ardhi yake kwa wakulima, wawe wenyeji au wageni, wawe na jembe au na trekta. Lakini kabla ya kukodisha, sharti ijue ni nani yuko juu ya ardhi hiyo. Nchini kwetu swali hilo limekuwa likiulizwa mwishoni, au halikuulizwa kabisa.

Tuanze pale neno lilipoanza. Tarehe 1 Julai 1885, mwaka uleule Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilipotangazwa, ilitolewa amri kwamba ardhi zisizo na watu ni mali ya dola. Mfalme mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kongo. Na kwa upande wetu wa mashariki kuna jambo ambalo hunitia uchungu zaidi: Mzungu wa kwanza kufika kwenye Ziwa Kivu, Mjerumani Graf von Götzen, alifika mwaka 1894. Kwa hiyo ardhi ya milima hii ilipangiwa sheria ya utupu miaka 9 kabla ya Mzungu yeyote kuiona na kujua kama ina watu.

Wabelgiji walipofika kwa nguvu walipapenda mahali hapa. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya baridi, malaria si kali kama mabondeni, na mvua inaaminika. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, CNKi, kwa mfano wa chombo kilichokwisha kuundwa kule Katanga. Kazi yake ilikuwa kuigawa na kuisimamia ardhi ya Kivu, na kuwavutia walowezi na makampuni waje kulima. Wakaja. Kahawa, chai, pareto na mkwinini vikapandwa kuanzia kando ya ziwa hadi juu kwenye ukungu. Mji wenyewe ukaitwa Costermansville, na rasi zake nzuri, ambazo leo ni Ibanda yetu, zikawa za Wazungu. Waafrika wakajengewa Kadutu na Bagira. Anayetembea leo Muhumba au Nguba na kuziangalia zile nyumba za zamani zenye bustani kubwa anaona mji uliojengwa na watu waliopewa ardhi wasiyoiomba kwa wenyewe.

Je, afisa wa wakati ule alijuaje kwamba mahali fulani ni tupu? Aliangalia. Palipokuwa na nyumba na mgomba, pana mtu. Palipokuwa na nyasi, hapana. Kwa macho hayo, shamba lililolala lilikuwa tupu. Malisho ya ng'ombe wa kijiji kizima yalikuwa matupu. Bonde lenye maji, ambalo halilimwi wakati wa mvua lakini ndilo linaloziokoa familia kiangazi kinapokausha milima, nalo lilikuwa tupu. Msitu wa dawa na wa kuni ulikuwa mtupu. Waliolalamika walikuwepo, na wengine walikuwa wakubwa: mwami, yaani mtawala wa jadi, wa Kabare, Alexandre Rugemaninzi, aliondolewa na utawala wa kikoloni na kupelekwa uhamishoni mbali na watu wake mwaka 1936.

Msomaji asiye wa Bushi, nchi ya Washi, anisamehe nikikaa kidogo kwenye mambo ya kwetu, kwa sababu bila kuyajua hayo hawezi kuona ni nini kilichokanyagwa.

Kwa Washi, ardhi haikuuzwa. Aliyetaka mahali pa kuishi na kulima alimwendea mwami, au mkubwa aliyeshika mlima kwa niaba ya mwami, akatoa kalinzi. Ilikuwa ng'ombe, au ng'ombe zaidi ya mmoja, au mbuzi kwa asiyekuwa na ng'ombe. Mashahidi waliitwa, kasiksi, pombe ya ndizi, ikanywewa, mipaka ikatembelewa kwa miguu. Baada ya hapo yeye na watoto wake na wajukuu wake walikuwa na haki ya kukaa pale daima. Lakini kalinzi haikuwa bei. Ng'ombe yule alifunga uhusiano: aliyepokea shamba alikuwa mtu wa aliyempa, alimpa heshima na msaada, na aliyempa alikuwa na deni la kumlinda. Ndiyo maana kila mtu mlimani alijua kila shamba ni la nani, hata likiwa na magugu kimo cha mtoto. Ujuzi huo haukuandikwa popote, na kwa sababu hiyo ofisi haikuuona.

Chini ya kalinzi palikuwa na bwasa. Huu ni ukodishaji wa muda, wa msimu mmoja au miwili, kwa pombe, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi. Aliyechukua shamba kwa bwasa alipanda maharage, mtama au viazi. Mgomba hakuruhusiwa, wala mti wowote wa kudumu, kwa maana anayepanda mgomba amekwisha dai mahali. Wanawake wengi wa Bushi wamelisha watoto wao kwa bwasa, kwa kuwa kalinzi ilikuwa jambo la wanaume, na mjane alibaki kwenye shamba kwa hisani ya shemeji zake.

Nayasema haya ya mwisho makusudi. Sitaki kumwambia mtu kwamba desturi ilikuwa pepo. Ilimfunga mnyonge kwa mkubwa, ilimweka mwanamke nyuma, na iliwafanya Batwa, waliokuwa msituni kabla ya sisi sote, kuwa watu wasio na mlima. Hao wa mwisho wameonja neno "tupu" kuliko yeyote. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 600,000, na Batwa wakatolewa msituni bila kupewa mahali pengine. Msitu ulihesabiwa wanyama wake. Watu wake hawakuhesabiwa. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa, ukisema kwamba dola ilivunja haki zao. Watoto waliozaliwa siku za kutolewa walikuwa tayari ni wazee.

Sasa tuje kwenye sheria inayotutawala mpaka leo, kwa sababu ndiyo yenye ufunguo.

Uhuru ulipokuja, watu wa milimani walitarajia mashamba ya Wazungu yarudi kwao. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ikaitangaza ardhi kuwa mali ya dola changa, na wengi walishangilia. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kubwa ya ardhi. Kifungu chake cha 53 kinasema udongo ni mali ya dola peke yake, hauuziki wala haki ya dola haifi kwa kupita miaka. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yachukuliwe na wazalendo. Mashamba ya chai na kahawa yakapata mabwana wapya waliokuwa na jina kama letu na ngozi kama yetu. Aliyekuwa akipalilia aliendelea kupalilia. Mengi ya mashamba hayo yalikufa mikononi mwa watu ambao hawakujua wala hawakutaka kulima, na hata yalipokufa, hayakurudi kijijini. Kahawa iligeuka kichaka, na kichaka kile kilibaki na hati, huku mkulima aliyeko pembeni yake akigawia wanawe wanne shamba lisilofika hekta moja. Hakuna ofisa aliyekiita kichaka hicho ardhi tupu.

Vifungu vitatu vya sheria ile ningependa kila Mkongomani avijue kama anavyojua sala. Cha 387 kinasema ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zinakuwa ardhi za dola. Cha 388 kinaeleza ni ardhi zipi hizo: zile ambazo jamii huzikaa, huzilima au huzitumia kwa namna yoyote ile, mtu mmoja mmoja au kwa pamoja, kwa kufuata desturi za mahali. Cha 389 kinaahidi kwamba haki zilizopatikana kihalali juu ya ardhi hizo zitawekewa utaratibu na amri ya Rais wa Jamhuri. Mwaka 2023 sheria hiyo ilitimiza nusu karne, na amri hiyo ilikuwa bado haijatoka. Marais walipita, katiba zikabadilishwa, nchi ikabadilishwa hata jina. Mamilioni ya watu wamezaliwa, wamelima na wamezikwa juu ya ardhi ambayo sheria inakiri kwamba wana haki nayo lakini haikusema haki hiyo ni ipi.

Na bado nasema sheria hiyo si adui yetu yote. Soma tena kifungu cha 388: "kwa namna yoyote ile", "kwa kufuata desturi". Kulaza shamba ni desturi. Kulisha ng'ombe kwenye nyasi za pamoja ni matumizi. Kuacha bonde mpaka kiangazi ni kilimo. Kwa maneno ya sheria yenyewe, sehemu kubwa ya ardhi zilizoitwa tupu katika Kabare, Walungu na Kalehe hazikuwa tupu kamwe. Katiba ya 2006 nayo, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Ng'ombe wa babu yangu alitolewa kwa desturi.

Zaidi ya hayo, sheria ya 1973 ina sehemu nzima, kuanzia kifungu cha 193, inayoamuru uchunguzi wa awali kabla ya ardhi ya kijijini kutolewa. Wachunguzi wanapaswa kufika mahali penyewe. Wathibitishe mipaka. Wawaandike watu wanaokutwa pale au wanaofanya shughuli pale. Waeleze kilichopo, miti na maji na mengineyo. Wawasikilize wenye malalamiko ya mdomo, na wapokee ya maandishi. Aliyeandika sehemu hii alikuwa anajua kijiji ni nini. Tatizo ni kwamba uchunguzi huu hugeuzwa kuwa karatasi inayojazwa mezani, na saini ya chifu hutolewa kana kwamba ndiyo sauti ya mlima mzima. Kisha hati ya usajili hutoka, ile tunayoiita sertifika, na baada ya miaka miwili haipingiki tena. Mwenye shamba anaweza kudai fidia, shamba lenyewe limekwenda. Mtu asiyesoma Kifaransa, aishiye mwendo wa nusu siku kutoka ofisini, hana budi kugundua wizi ndani ya miaka miwili. Mama yangu aligundua siku vigingi vya saruji vilipopandwa.

Tena tazama ngazi za madaraka. Kijijini, ardhi inayozidi hekta 2,000 haitolewi ila kwa sheria ya bunge. Kati ya 1,000 na 2,000 ni rais. Zaidi ya 200 mpaka 1,000 ni waziri. Gavana huishia 200. Na mtunza hati za ardhi, kwa madaraka aliyokabidhiwa, huishia hekta 10. Ukiwa Kinshasa, hekta 10 ni kitu kidogo, si jambo la kumsumbua mkubwa. Ukiwa Kabare, ambako familia nyingi hazina hata hekta moja, hekta 10 ni kijiji. Jambo dogo kabisa katika macho ya dola, lile linalomalizwa na mtu mmoja mezani, ndilo kubwa kabisa katika maisha yetu.

Hapa lazima niwataje wakubwa wetu wa jadi, na natumaini wazee wangu hawatanichukia. Sheria ilipomnyang'anya mwami mamlaka juu ya ardhi bila kuweka utaratibu mwingine, ilimwacha na muhuri. Uhusiano wa kalinzi ulikuwa umemfunga kulinda. Muhuri haumfungi kwa lolote. Ng'ombe akageuka dola za Kimarekani, na shamba lililolala la mjane likawa rahisi kulitoa kuliko shamba la mwanamume mwenye wana wengi. Tajiri wa mjini, ofisa wa ardhi na mkubwa wa mlima wakajikuta meza moja. Wapo machifu waliokataa, na baadhi walipata taabu kwa kukataa kwao. Lakini waliokubali wametuachia kesi ambazo mahakama za Bukavu hazimalizi, na ndugu ambao hawasalimiani kanisani.

Watu hawa waliokosa mahali huenda wapi? Wanakuja kwetu mjini. Panzi imepanda mlima, Nguba imeshuka hadi ukingoni, Kadutu imejaa mpaka kwenye makorongo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, udongo hutembea na nyumba hutembea nao, na asubuhi tunahesabu maiti. Serikali husema watu wamejenga kiholela. Ni kweli wamejenga kiholela. Lakini mtu hatoki kwenye shamba la babu yake kuja kubandika nyumba juu ya korongo kwa kupenda.

Ninajua jibu nitakalopewa, na wanaolitoa si watu wabaya. Wanasema vishamba vidogo haviwezi kulisha nchi. Mji wa Bukavu unakula unga na mchele na maharage kutoka nje. Bila mwekezaji mwenye hati hakuna benki itakayokopesha, na bila mkopo hakuna kiwanda. Wanataja kiwanda cha kwinini cha Pharmakina hapa mjini, kinachoishi kwa gome la mkwinini, na mishahara iliyolipwa kwenye chai. Wanataja kiwanda cha sukari cha Kiliba, bondeni Ruzizi, kilicholisha familia nyingi mpaka vita vya 1996 vilipokifunga. Nakubali. Nimekula sukari ile utotoni. Kuna mazao yanayohitaji shamba kubwa, na mtu atakayeweka mali yake kwa miaka 20 ana haki ya kutaka karatasi ya kuaminika.

Lakini ukubwa wa shamba peke yake haujawahi kulisha mtu. Mwaka 2014 serikali yetu ilizindua Bukanga Lonzo, upande wa magharibi mwa nchi, hekta 80,000, pamoja na matrekta na hotuba. Mwaka 2017 matrekta yalikuwa yamesimama, na mambo yake yakaishia mahakamani. Wakati huohuo maharage yanayouzwa katika masoko ya Nyawera na Beach Muhanzi yaliendelea kushuka kutoka milimani kwenye migongo ya wanawake, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Wanaolisha Ibanda ni hao, na wengi wao wanalima kwa bwasa, bila kujua msimu ujao watakuwa wapi. Nani ataweka samadi au kupanda miti ya kuzuia mmomonyoko kwenye shamba atakalonyang'anywa mwezi wa Septemba? Tunawalaumu kwa kuchosha udongo, ilhali sisi ndio tuliowafanya wapangaji kwenye udongo wao.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya ilirithi kutoka kwa Waingereza sheria ya 1915 iliyowapa walowezi ukodishaji wa miaka 999, na katiba ya 2010 ikaipunguza kwa asiye raia hadi isizidi 99. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, ikairuhusu itoe hati za haki miliki ya kimila, na ikaamua kwamba serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa wanakijiji ndio unaokubali au kukataa. Huko nako si shwari. Wamasai wa Loliondo walituonyesha hilo mwaka 2022. Hata hivyo mwanakijiji wa Tanzania ana kikao ambacho kwa sheria anaweza kusimama na kusema hapana, kwa Kiswahili, na hapana yake ikaandikwa. Mama yangu hakuwa na kikao. Alikuwa na mlango wenye karatasi.

Sisi nasi tulianza kutengeneza. Tume ya taifa ya mageuzi ya ardhi, CONAREF, iliundwa mwaka 2013, na sera ya taifa ya ardhi ikapitishwa mwaka 2022. Nimefurahi. Lakini sera haizuii kigingi, na kuna jambo la sasa hivi ambalo haliwezi kungoja mageuzi, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu juma hili.

Bukavu imebadilisha mikono mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004, na tena Februari 2025 wapiganaji wa AFC/M23 walipoingia. Kila mara watu wa vijijini wamekimbia: wengine msituni, wengine kisiwani Idjwi, wengine kuvuka Ruzizi, wengine kwenye vyumba vya ndugu zao huku Panzi. Mashamba yamelala, na safari hii hakuna aliyeyalaza kwa hiari. Kumbuka sasa maneno ya uchunguzi wa awali: waandikwe watu wanaokutwa mahali pale. Mlima uliokimbiwa haukuti mtu. Yeyote atakayetia saini konsesio ya kijijini wakati huu, awe anatumwa na Kinshasa au na walioshika mji, atakuwa anafanya lilelile lililofanywa mwaka 1885: atatangaza utupu mahali ambapo watu wametolewa kwa mtutu. Na saini hiyo haitadumu. Wakimbizi hurudi. Wakirudi na kukuta ua wa waya, tutakuwa tumepanda vita vingine juu ya vita hivi. Masisi na Kalehe zimetufundisha vya kutosha jinsi ugomvi wa mashamba unavyovaa magwanda.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa wote wenye muhuri, popote walipo: konsesio mpya za vijijini zisimame mpaka watu warudi kwenye milima yao. Zitakapoanza tena, tangazo lisomwe kwa Mashi, Kihavu, Kirega, Kifuliiru na Kiswahili, sokoni Mudaka siku soko limejaa, kanisani na msikitini baada ya ibada, na redioni jioni. Mwanamke aandikwe kwa jina lake, si kwa jina la mume aliyekufa. Anayelima kwa bwasa aandikwe pia, kwa sababu naye anafanya shughuli pale na sheria inataka aandikwe. Konsesio ambazo zimegeuka vichaka zichunguzwe kwanza, maana dola ina haki ya kuirudisha ardhi isiyoendelezwa, na anayetaka kukodisha akodishe hiyo kabla ya kugusa shamba la mtu. Na bami wetu warudie kutembea mipaka kwa miguu mbele ya mashahidi kabla ya kuweka muhuri, kama baba zao walivyofanya kwa ng'ombe mmoja.

Wewe msomaji wa Ibanda, mwenye akiba kidogo na ndoto ya shamba la kustaafu, mtu atakuja kukuambia ana ardhi nzuri upande wa Kabare au Walungu, haina mtu, karatasi zipo tayari. Atataka kukupeleka mwezi wa Julai, katikati ya kiangazi, wakati mlima mzima ni nyasi kavu na hakuna mtu shambani. Usiende Julai. Nenda Septemba, mvua ya kwanza ikishanyesha na majembe yametoka. Mwache dalali garini, upande mwenyewe, na kwa kila kipande kilicholala umuulize mwanamke aliye karibu ni cha nani. Atakutajia jina.